Vipande Vinne Mapajani

Ko, ko, ko, ko. Halafu ti.

Sauti hiyo ninayo mpaka leo. Hata nikiwa naosha vyombo ziwani inanijia. Zile nne za kwanza ni vipande vya mbao vikipangwa kimoja juu ya kingine, taratibu, kwa mkono usio na wasiwasi. Ile ya mwisho, nyembamba, ni saa ya kubonyeza ya yule mtaalamu ikisimamishwa. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mtoto na nimeamriwa niangalie dirishani, basi nikaangalia dirishani, ambako mbuzi wa mwalimu mkuu alikuwa anatafuna kamba ya bendera. Nilisikia tu. Nikasema moyoni, huyo mwanangu, amemaliza na muda bado upo. Nikamcheka mbuzi kwa furaha.

Kumbe nilikuwa nasikiliza sifuri ikiandikwa.

Mtoto mwenyewe ni wa dada yangu, ana miaka minane. Dada anapika kwenye hoteli moja huko Makambako, na mtoto analelewa na mama yangu hapa kwetu ziwani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Liuli. Ananiita mamdogo. Maneno yake ni machache, na akikaa kimya unaweza kusahau kwamba yupo mpaka usikie jambo ulilokuwa unalitafuta amelifanya tayari. Lakini kusoma kulimkataa. Wenzake wa darasa la pili walikuwa wanasoma mistari mizima, yeye bado anaitazama b kama mtu anayemtazama mgeni ambaye hakumbuki walionana wapi.

Mwalimu wake hakuwa mtu mbaya. Alimwita mama shuleni, akamwambia kwa heshima kwamba huenda mtoto ana uelewa mdogo, na kwamba huko juu milimani kuna shule yenye bweni inayopokea watoto wa namna hiyo. Atakuja mtaalamu wa kupima akili. Atapima watoto kadhaa wa shule zetu za ziwani, na matokeo yake ndiyo yatakayoamua nani aende.

Mama alirudi nyumbani, akakaa mkekani na viatu vyake miguuni. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona amekanyaga mkeka na viatu.

"Milimani," akasema. "Kwenye baridi ile. Atalala na nani?"

Milima mimi naijua. Nilikaa kwa shangazi yangu huko Mapera miaka minne nikisoma sekondari, nikichuma kahawa wakati wa likizo, nikajifunza Kimatengo mpaka nikawa naota nacho. Nilirudi ziwani na divisheni ya nne, ile ya chini kabisa ya kufaulu. Naiandika hapa mapema nisije nikaonekana najifanya. Mtu akiniuliza nilipata ngapi, namwambia, halafu namwangalia usoni nione kama nimepungua kimo.

Kwa sababu ya lugha hizo, Kinyasa cha nyumbani, Kimatengo cha kwa shangazi na Kiswahili cha shule, mwalimu mkuu alinipendekeza nimsaidie mtaalamu kutafsiri kwa watoto ambao Kiswahili bado kinawapiga chenga. Kazi ya siku chache. Nilifurahi mno. Mimi ni mtu wa ndoto, ukinipa kalamu tayari najiona ofisini. Wiki ile nilishajishonea koti jeupe kichwani, lenye mfuko wa kalamu mbili.

Kijijini walikuwa na yao.

"Leo wanapima vichwa," fundi wa mitumbwi aliwaambia waliokuwa wanangoja maandazi. "Nyoeni kwanza, nywele zitaongeza uzito."

"Wewe wakikupima watakuta randa humo," muuza maandazi akamjibu.

"Randa si mbaya. Wewe watakuta moshi."

Mtaalamu alikuwa mwanamke, hajanipita miaka mingi, nywele fupi na raba miguuni. Alifika kwa gari kutoka Mbamba Bay akiwa na begi jeusi lenye kufuli. Wote tulimwita madamu. Siku ya kwanza, kabla ya mtoto yeyote kuingia, alinifungulia begi. Kulikuwa na kijitabu cha picha, fomu, ile saa, na vipande vya mbao vidogo, saizi ya kete kubwa. Kila kipande kina pande nyekundu, pande nyeupe, na pande zilizokatwa kwa mshazari, nusu nyekundu nusu nyeupe. Mtoto anaonyeshwa picha, naye anapanga vipande mpaka vifanane na picha, saa ikihesabu. Anaanza na vipande vinne. Akiweza, anafika tisa.

"Tutasema maneno yaliyoandikwa humu tu," akaniambia. "Usiongeze, usipunguze. Mtoto akipata usimwambie vizuri sana, akikosa usigune. Uso wako uwe kama ukuta."

"Kuta zetu huku zina nyufa, madamu."

Akacheka, na kuanzia hapo tukaelewana. Nikamweleza kwamba mtoto mmoja kwenye orodha ni wetu. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Ningekuwa na mtu mwingine, siku hiyo nisingekutumia. Sina. Basi kwa huyo utakaa nyuma yake na utaangalia dirishani. Mpaka nikuulize ndipo utafsiri."

Zamu ya mtoto wetu ilikuwa Alhamisi. Asubuhi yake nilimwogesha mwenyewe, nikampaka mafuta, nikampigia pasi sketi. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia niliyoambiwa mimi nilipokuwa na umri wake.

"Meza ya mgeni ina karatasi zake. Usiende kutandaza vitu juu yake. Ukipewa kitu, kifanyie kazi mapajani. Ukimaliza, kipange vizuri, mrudishie kwa mikono miwili. Mtu mzima harudishiwi fujo. Umesikia?"

"Haya, mamdogo."

Ndivyo wasichana wa huku tunavyolelewa. Ukitumwa kwa jirani kusaidia kuchambua usipa, wale dagaa wa ziwa letu, unachukua fungu lako kwenye ungo, unauweka mapajani, unainama, unatoa mchanga na takataka, kisha unarudisha fungu limekaa sawa. Hakuna anayekwambia kwa nini. Unaona mikono ya wakubwa, unafuata.

Basi nikakaa nyuma yake na mbuzi wangu dirishani. Madamu alimtajia nambari, yeye azirudie kinyume. "Saba, mbili, tisa." Mtoto akajibu, "Tisa, mbili, saba." Wakaenda hivyo mpaka nambari nne, hajakosea. Ikaja picha ya meza imeandaliwa chakula, ambayo nilijua kiti chake kimoja hakina mguu.

"Kinakosekana nini hapa?" madamu akauliza.

"Watu," mtoto akasema. "Chakula kipo, watu hawapo. Bado wananawa?"

Niliuma mdomo. Kwenye kijitabu jibu ni mguu wa kiti.

Kisha vikaja vipande. Nikasikia mbao zikiburuzwa mezani, halafu kimya, halafu ko, ko, ko, ko, halafu ti. Madamu akarudia maneno yaliyoandikwa, polepole, kwamba atengeneze mfano wa picha hii. Kimya tena. Ko, ko, ko, ko. Ti. Mara ya tatu vilevile. Baada ya hapo madamu akakusanya vipande, akahamia kwenye sehemu nyingine. Nikashangaa. Mbona hajampa vipande tisa?

Kanuni, baadaye nilielewa, inasema mtoto akikosa mara tatu mfululizo, sehemu hiyo inafungwa. Unahesabiwa umefika mwisho wako.

Tulipomaliza, upepo wa ziwani ulipeperusha fomu, nami nikaiokota sakafuni. Sikupaswa kuangalia, lakini macho hayana kufuli. Kwenye mstari wa vipande kulikuwa na sifuri tatu, zimekaa pamoja kama mayai.

Njiani kurudi nyumbani mtoto alikuwa anaruka mawe kwa mguu mmoja. Najua mtoto huyu, na sifuri tatu sikuzijua. Tulipofika nikachukua mche wa sabuni, nikaukata kwa kisu vipande tisa vya pembe nne, nikavipaka mkaa upande upande.

"Hiyo ni sabuni ya kufulia vitambaa vya altare," mama akasema kutoka jikoni.

"Nitairudisha, mama."

"Utairudisha na mkaa wake?"

Nikachora kwenye karatasi umbo rahisi, pembetatu mbili zinazotazamana, nikampa mtoto vipande vinne. "Nionyeshe ulivyofanya kwa madamu."

Akakaa chini, akanyoosha miguu, akaweka sabuni kwenye kibonde cha sketi yake, akainama kabisa. Kichwa kikafunika kila kitu. Nikainama na mimi kando yake kuchungulia, na hapo nikaona vidole vyake vinageuza sabuni moja, vinageuza nyingine, bila kusitasita, mpaka pembetatu zikatazamana vilevile kama kwenye karatasi yangu. Hata pumzi kumi hazikufika. Sijafungua mdomo kumsifu, akaibomoa. Akasafisha upande mmoja na kidole, akavipanga vyote vinne kimoja juu ya kingine kama mnara, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Nimemaliza, mamdogo."

Nikaupokea ule mnara.

"Na kwa madamu ulifanya hivihivi?"

"Ndiyo. Ulisema nisimrudishie fujo."

Nikampa vyote tisa, na picha ngumu zaidi. Alichukua muda, akakosea kona moja, akairekebisha. Akabomoa, akapanga, akanirudishia. Nilimkumbatia mpaka akasema sabuni inamchafua.

Sasa niseme nilichofanya baada ya hapo, kwa sababu kama nikikificha kumbukumbu hii yote itakuwa koti jeupe lisilo na mtu ndani. Nilichukua daftari langu, ukurasa mpya, nikachora maumbo yote ya kwenye kijitabu niliyoweza kuyakumbuka. Siku zile mbili za mwanzo, kwa watoto wengine, sikuwa nimeambiwa niangalie dirishani. Nilikumbuka kama kumi. Chini ya ukurasa nikaandika 100, nikaizungushia duara. Nilikuwa nimewasikia walimu wakisema mia ndiyo yenyewe, nami nikadhani ni kama mia kwa mia, mtu asiyekosa hata moja. Mpango ulikuwa hivi: kesho naenda kumwambia madamu kwamba Alhamisi mtoto alikuwa na homa, naomba arudiwe Jumatatu. Jumamosi na Jumapili ninamfundisha ukurasa huu mpaka auote. Mwanangu anapata mia, bweni linatusahau, mama anavua viatu.

Ijumaa nilifika shuleni mapema. Madamu alikuwa anakunywa chai na muhogo wa kuchemsha, hakuna mtoto aliyefika. Nikaanza kwa mbali.

"Hiyo mia, madamu, ni wangapi wanaipata?"

"Mia siyo mia kwa mia," akasema. "Watu wengi wanakosea hapo, hata walimu. Chukua watoto wengi wa miaka minane, wape maswali yaleyale, halafu wapange mstari, aliyepata machache huku, aliyepata mengi kule. Yule wa katikati kabisa tunampa jina mia. Ni jina la katikati tu. Wengi wamemzunguka. Katika kila watatu, wawili hivi wako kati ya themanini na tano na mia moja na kumi na tano. Ukizidi kwenda pembeni, watu wanapungua, upande huu na upande ule."

"Kumbe ni nafasi kwenye mstari."

"Ni nafasi kwenye mstari. Sijafungua kichwa cha mtu nikamimina akili kwenye sado ya kupimia."

Nikafikiri. "Na hao watoto wa kwenye mstari walitoka wapi?"

Alikoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha korogwa. "Si huku," akasema. "Wengi wa mjini. Wamezoea vitabu vya picha, wamezoea kuulizwa na mtu mzima jambo ambalo mtu mzima analijua. Ndiyo maana nikipima huku natembea kama mtu aliyebeba maji."

Nikamwambia kwetu ukimuuliza mtoto kitu unachokiona mwenyewe, anadhani unamtega. Akaandika kwenye daftari lake. Halafu akaniuliza kama nimewahi kuona mizani ya kahawa.

"Nimekulia chini yake, madamu. Kwa shangazi yangu."

"Sindano inatulia?"

"Inacheza. Mpaka watu wanagombana."

"Na hii yangu inacheza. Mtoto yuleyule, leo kalala vizuri, kesho kaamka na njaa, nambari haiwi ileile. Anayeijua kazi hasemi nambari moja. Anasema kutoka hapa mpaka hapa."

Mpango wangu ulikuwa mfukoni unaniwasha. Nikasema kwa sauti niliyojitahidi iwe nyepesi, "Na mtoto akifanyishwa mazoezi kwanza?"

"Hapo nitakuwa nimepima mazoezi. Nambari itapanda, na mtoto atabaki na shida yake palepale, ila sasa hakuna anayeiona. Hata msaada hatapewa. Kufuli la begi ni la hilo."

Nikaikumbuka b. Kweli mtoto wetu haisomi. Hilo halikutoka mapajani wala kwenye saa, lipo. Ningempaka mia usoni, nani angehangaika tena na b yake? Homa niliyokuwa nimemtungia ikaniishia mdomoni.

Basi nikasema. Nikaeleza Alhamisi asubuhi, magoti yangu, meza ya mgeni, mapajani, mikono miwili. Nikaeleza sabuni. Ukurasa sikuutaja, nilikuwa nimeishiwa ujasiri.

Madamu alitoa fomu, akaitazama upya. "Niliona ameinama," akasema. "Nilidhani anavichezea, anajenga mnara. Macho yangu yalikuwa kwenye saa."

"Kosa ni langu."

"Nusu. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mbele yake."

Nilitegemea achukue ufutio. Hakuchukua. Alisema sifuri haifutwi. Ataandika pembeni yake kilichotokea, na sehemu ile ataitoa kwenye hesabu yote. Nikamwomba arudie vipande. Akasema haiwezekani karibuni, mtoto amekwisha viona, "na tena nyumbani amevifanya kwa kitu gani, umesema?"

"Sabuni ya kufulia, madamu. Na mkaa."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Basi tena. Tutatafuta mlango mwingine." Akanieleza kwamba nambari peke yake haiwezi kumpeleka mtoto popote, hata ingekuwa ya chini vipi. Ni lazima mtu aende akamwone anavyoishi: anavaaje, anatumwaje, anakumbuka nini, anajihadhari na nini.

Jumamosi alikuja nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndiwe mwenye saa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Kama akili ni kuwahi saa," mama akasema huku akimtolea kigoda, "basi hapa nyumbani mwenye akili kuliko wote ni jogoo."

"Leo sikuja nayo," madamu akasema, akamwonyesha mikono mitupu. Mama akamtazama upya, akaenda kuchochea moto.

Siku hiyo usipa ulikuwa umejaa kwenye vichanja, ule wa alfajiri na ule ulioletwa jua likiwa limepanda. Mtoto alikuwa anageuza. Madamu akasimama kando yake na daftari. Vichanja vitano, hakuna alama yoyote, na mtoto anageuza cha kwanza, anaruka, anageuza cha nne, anarudi cha pili.

"Unajuaje kipi kianze?" madamu akamuuliza.

Hili halikuwa swali la mtego, mtoto alijua mgeni hajui. Akajibu bila kungoja. "Za mwanzo zimeshaanza kukunja mkia. Hizi bado zimenyooka."

Madamu akainama kutazama mikia. Akaweka kalamu sikioni, akajaribu kugeuza na yeye. Mtoto akavumilia kama samaki watano hivi, kisha akawapokea kutoka mikononi mwa madamu kwa adabu. "Madamu, hizo bado. Nipe mimi."

Mama alimtuma dukani vitu vitatu na salamu moja. Akarudi na vitatu, na salamu, na majibu ya salamu, na habari kwamba mbuzi wa mwalimu mkuu sasa amekula na bendera kidogo. Madamu aliandika yote, sijui kama hata ya mbuzi.

Jumatatu akampa kipimo kingine, cha picha zenye mpangilio ambazo kipande chake kimoja hakipo. Mtoto ananyoosha kidole tu kwenye kinachofaa. Kabla ya kuanza madamu aliondoa karatasi zake zote mezani, akamwambia, "Leo meza hii ni yako." Mimi nikageukia dirisha langu. Safari hii hakukuwa na ko wala ti, kulikuwa na kurasa zinafunuliwa, moja, nyingine, nyingine. Nilizihesabu mpaka nikapoteza hesabu, nikajua hakusimamishwa mapema.

Kikao kilikuwa Jumanne ofisini kwa mwalimu mkuu. Tulikuwa watano: mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, madamu, mama na mimi. Madamu akasema mtoto yuko kati ya themanini na nane na mia moja na mbili, kundi la wengi. Akaeleza sehemu aliyoitoa na kwa nini. Akasema shida ya kusoma ni ya kweli na haitaondoka kwa sisi kufurahi. Mtoto akae mbele, asomeshwe herufi chache kila siku kwa kugusa na kuchora, na mwalimu aandike maendeleo yake.

Mwalimu mkuu alikuwa na fomu yake. "Sawa, madamu. Lakini nambari yenyewe hasa ni ngapi? Huku kuna kisanduku."

"Ni hiyo. Kutoka themanini na nane mpaka mia moja na mbili."

"Kisanduku ni cha nambari moja."

"Basi andika pembeni ya kisanduku, mwalimu. Hata mimi nimeandika pembeni."

Mwalimu akageuza fomu, akaandika kwa herufi ndogo kwenye ukingo, akilalamika kidogo.

Mama akamgeukia madamu. "Kwa hiyo analala kwangu," akauliza.

"Analala kwako, mama."

Mimi nilikuwa upande wake, nikaona chini ya meza mguu mmoja unasukuma kiatu cha mguu wa pili, kisha viatu vyote viwili vimelala sakafuni na vidole vyake vinapumua.

Nilimsindikiza madamu kwenye gari nikimbebea begi. Njiani nikamuuliza lililokuwa limenikaa kooni tangu siku ya kwanza.

"Na mimi ukinipima, ningepata ngapi?"

"Ungeifanyia nini?"

Nilitaka kusema uongo mzuri, nikasema kweli. "Ningeibandika juu ya ile divisheni ya nne."

Akachukua begi lake. "Nne yako ilipima masomo yale, miaka ile. Lile swali lako kuhusu mstari, watoto wake walitoka wapi, nimefanya kazi hii na watu wenye digrii, hawajaniuliza." Akapanda garini. "Mwakani nitarudi kumpima tena. Msomeshe kila siku."

Nilirudi nyumbani sikanyagi chini. Koti jeupe lilinirudia kichwani, sasa lina mifuko miwili. Siku ile ile jioni tulianza na b, tukaichora kwenye mchanga, mtoto akaigusa tumbo lake kwa kidole. Ile sabuni mama aliifulia vitambaa vya altare kama ilivyo, na hakuna muumini aliyelalamika.

Asubuhi iliyofuata mama alikwenda shambani na mtoto shuleni. Nilibaki peke yangu, nikabandika maharage, kuni zikawa zinatoa moshi tu. Nikafungua daftari nitafute karatasi ya kuwashia, na likafunguka lenyewe kwenye ule ukurasa. Maumbo kumi, nimeyachora vizuri kweli, na chini yake mia na duara lake.

Mwakani ni karibu. Madamu hakuwahi kuujua ukurasa ule, na mtoto angeuweza kwa mwezi mmoja tu. Niliutazama mpaka moshi ukanitoa machozi. Kisha nikaona tena akilini kichwa cha mtoto kimeinama juu ya sketi, vidole vinageuza sabuni bila mtu kumfundisha.

Niliuchana polepole, nikifuata uzi wa katikati ili ukurasa mwenzake usilegee. Nikaukunja mara mbili, nikausukuma chini ya sufuria katikati ya kuni, nikapuliza mpaka ukashika. Maji yalipoanza kuchemka nikapunguza kuni moja, nikafunika.